Ubao Juu ya Kitanda Changu

3 Oktoba, Nachingwea

Ubao umeingia chumbani kwangu leo alasiri kwa kupitia dirishani, kwa sababu ngazi imeukataa.

Ni ngazi ya chuma inayojizungusha kama konokono, imebanwa kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani, na kila anayepanda lazima ainamishe kichwa kwenye mzunguko wa pili. Kitanda changu kilipanda kikiwa vipandevipande. Ubao wa futi saba na nusu haukunjiki. Yunusi aliujaribu kwa kichwa, kwa mkia, kwa ubavu, mpaka nikamwambia aache. Ndipo akaitwa Kipriani, fundi mchomeleaji mwenye karakana hapo chini, akaja na kamba mbili. Yeye akavuta kutoka juu, Yunusi akasukuma kutoka barabarani, na ubao ukapanda ukutani polepole, mweupe, ukizunguka kidogo hewani.

Dafrosa, anayeshona nguo kwenye chumba kilicho chini ya changu na ambaye sote tunamwita Mama Goreti, alitoka na futikamba shingoni. Akatazama juu, akafanya ishara ya msalaba.

"Dada Amna, hilo ni funiko la jeneza?"

"Ni ubao tu, Mama Goreti."

"Ubao wa nini mrefu hivyo? Hata mimi na unene wangu nalala humo."

Nilicheka, kwa sababu alitegemea nicheke.

Nitaandika mara moja tu, halafu sitarudia. Ni ubao wa mawimbi wa kaka yangu Harithi. Kule Kigamboni alikuwa anawafundisha wageni kusimama juu ya mbao kama hii na kuteleza na wimbi hadi ufukweni. Tarehe 27 Agosti aliingia baharini asubuhi, hakutoka. Siku ya pili yake ubao ulikutwa mbali upande wa kusini, una ufa tumboni, na ile kamba inayofungwa mguuni imekatika. Yeye hajapatikana hadi leo. Yunusi alifanya naye kazi. Nyumba waliyokuwa wakihifadhia mbao imefungwa, akaona atuletee sisi ndugu wa Harithi. Amesafiri nao juu ya basi.

Mama yuko Nandagala. Hajui.

4 Oktoba

Chini ya kitanda unatokeza kama miguu ya mtu. Nyuma ya mlango, mlango haufunguki. Nikiusimamisha kwenye kona unagusa bati na unaegemea upande wangu popote nilipokaa. Mwishowe nimeufunga kwa kamba kwenye mbao za paa, tumbo likiangalia chini, kutoka ukuta hadi ukuta. Sehemu pekee yenye urefu huo iko juu ya kitanda.

Nitalala chini yake.

5 Oktoba

Mjomba Bashiri amepiga simu kutoka Likunja.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Kile kitu kimefika?"

"Kimefika."

"Kisitoke hapo. Msimu wa korosho ukiisha nitakwenda kwa dada yangu nimweleze mwenyewe. Mwenyewe, Amna. Unanielewa?"

Ninamwelewa. Kwetu msiba una mwenyewe, naye ni mjomba. Yeye ndiye anayeutamka, na kabla hajautamka hakuna aliyekufa. Mama ana presha na macho yake yanaelekea kuziba. Hakuna mwili, hakuna kaburi, na Mjomba anauliza tutaweka tanga la nini. Mwezi wa Septemba yeye ndiye aliyemwambia Mama kwamba Harithi amepata kazi melini, inapita Komoro na Madagaska, na kwamba baharini simu hazishiki.

Mjomba ni mtu mwenye busara. Nimekuwa nikijiambia hivyo tangu utotoni.

6 Oktoba

Kazini tangu saa moja. Magunia yameanza kuingia.

9 Oktoba

Nimebandua plasta.

Yunusi alikuwa ameufunika ufa kwa plasta pana ya plastiki, safu tatu, maji yasizidi kuingia. Lakini aliyafungia yaliyokwisha kuingia. Mimi ni mkaguzi wa ubora katika ghala la korosho. Nimesomea chakula na uharibifu wake kwa miaka minne pale Morogoro, na kitu cha kwanza ninachojua ni kwamba unyevu uliofungiwa ndani huozesha. Nimepanda juu ya kitanda nikabandua safu moja baada ya nyingine. Hakikutokea kitu. Nikashuka nikachemsha chai.

Nilipokuwa nakoroga sukari nikasikia tone likianguka juu ya shuka.

10 Oktoba

Nimeazima beseni kwa Dafrosa. Nimesogeza kitanda kwa dhiraa moja, kadiri chumba kinavyoruhusu. Matone yanaanguka kila baada ya dakika nne au tano.

Nimeyaonja. Ni chumvi.

Bahari haionekani kutoka hapa hata ukipanda mlima. Lakini imo chumbani mwangu na inaanguka kwenye beseni la bluu la Mama Goreti.

12 Oktoba

Nimeleta mizani ya kuning'iniza kutoka ghalani, ile ndogo ya sampuli. Ubao: kilo nane na gramu mia tisa.

15 Oktoba

Mama amepiga simu kwa simu ya jirani yake. Sauti yake juu kama kawaida, kama anayeita mtu ng'ambo ya shamba.

"Kaka yako anasemaje?"

Mjomba alisema "hajambo" ingetosha. Lakini nilimsikia jinsi alivyokuwa anangoja, nikasema, "Ametuma ujumbe. Anakusalimia sana. Anauliza kama yule kuku mweusi bado anataga ndani ya kabati lake."

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie anataga! Mwambie juzi nimekuta mayai manne juu ya shati lake la shule!"

"Nitamwambia."

"Na salamu zake, mwambie nimepokea."

Mama hajui kusoma. Hajawahi kuniomba nimwonyeshe ujumbe wenyewe. Anayaamini macho yangu.

Kinachonitisha ni kwamba salamu ile sikuitunga. Ilinijia ikiwa kamili, kwa sauti ya Harithi.

16 Oktoba

Tone moja kila dakika sita.

19 Oktoba

Kilo nane na gramu mia tatu.

22 Oktoba

Mchana bati linawaka. Nilirudi saa saba kuchukua miwani na nikaona ubao umevimba. Upande wa tumboni, karibu na ufa, ngozi yake ngumu ilikuwa imeinuka, uvimbe wa ukubwa wa kifua cha mtoto. Nilisimama nikiutazama. Saa kumi na moja jua lilipopungua, uvimbe ulishuka. Sasa hivi uko bapa.

Ninajua sababu. Hewa ndani ya povu gumu linalojaza ubao inatanuka kwa joto, gundi imelegea, ngozi inaachana na kiini. Ningeweza kuchora mchoro. Hilo halinisaidii, kwa sababu kesho saa saba kifua kitapanda, na saa kumi na moja kitashuka.

23 Oktoba

Kimepanda. Kimeshuka.

24 Oktoba

Dafrosa: "Dada Amna, mbona siku hizi mchana unarudi nyumbani? Umeficha mwanaume huko juu?"

"Hapana, Mama Goreti."

"Basi mfiche vizuri. Nasikia anavyochuruzika."

29 Oktoba

Mtaa wa nyuma wameibiwa televisheni kwa kupitia dirishani. Mwenye nyumba ameagiza madirisha yote ya juu yawekwe nondo. Kipriani alikuja asubuhi nikiwa kazini. Dafrosa ndiye aliyemfungulia. Niliporudi kazi ilikuwa imekwisha, nondo nane zimesimama wima, nyingine tatu zimelala, rangi nyekundu ikiwa bado mbichi.

Kipriani alikuwa anakusanya nyaya zake chini ya ngazi. Akanitazama, akatazama juu, akajipiga paji la uso.

"Dada! Ule ubao wako. Mimi mwenyewe nimeuingiza, mimi mwenyewe nimeufungia. Huo sasa ni kifungo cha maisha."

Alicheka. Nilipanda ngazi nikainamisha kichwa kwenye mzunguko wa pili.

30 Oktoba

Kilo saba na gramu mia tano.

2 Novemba

Salamu ya leo: Harithi ameota ndevu, hataki kunyoa mpaka arudi. Mama: "Mwambie nimepokea. Na mwambie anyoe."

8 na 9 Novemba, Nandagala

Nimekwenda kumsaidia Mama kuokota. Nimelala kwenye chumba cha Harithi, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba juu yangu hapakuwa na kitu. Sikupata usingizi.

Mama anaokota kwa vidole sasa, si kwa macho. Anapiga magoti chini ya mkorosho na kupapasa majani makavu, anaipata korosho, anainyonga itoke kwenye bibo, anaitupa nyuma bila kutazama, na kila mara inaingia kwenye ndoo. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anasema dunia imekuwa kama anaitazama kupitia chandarua.

Mikorosho mitatu kando ya njia ni ya Harithi. Baba alimwandalia kabla hajafa. Korosho zake Mama hazichanganyi. Ameziwekea kiroba cha peke yake, kimefungwa kwa kitambaa chekundu, na kiroba hicho analala nacho chumbani.

"Akirudi asije akasema tumemla," alisema.

Akachota viganja viwili akanifungia kwenye upande wa khanga. "Mpimie kaka yako. Nataka nijue ziko daraja gani."

Halafu akaniambia, kama anayezungumzia hali ya hewa, kwamba ameandikisha jina. Madaktari wa macho wanakuja mwezi wa Desemba. Watalisafisha jicho la kulia kwanza. Baada ya hapo atapumzika kwangu Nachingwea siku tatu nne, kwa sababu wamesema asipande pikipiki.

"Nataka nione chumba chako," alisema. "Miaka miwili unaishi huko, nakisikia tu."

11 Novemba

Nimezikata korosho za Harithi, moja moja, kwenye meza ya sampuli. Nyeupe ndani, zimejaa, hakuna iliyotobolewa na mdudu. Unyevu asilimia nane. Daraja la kwanza.

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya magunia mpaka msimamizi akaniita.

14 Novemba

Nimempigia Mjomba nikamwambia kuhusu jicho, na kwamba Mama atapumzikia kwangu.

"Auondoe basi huyo fundi aliyeuingiza."

"Umeingia kabla ya nondo, Mjomba. Ngazi haiupitishi."

"Mbao hukatwa, Amna."

"Kwa nini usiende kumwambia? Msimu unakwisha."

"Haujaisha."

Akakata simu. Nimekaa nikiitazama. Sikumbuki kama niliwahi kumwona Mjomba akiogopa kitu, na huenda ni kwa sababu hakuwahi kukisogelea.

20 Novemba

Kilo sita na gramu mia nne. Tone moja kwa saa.

27 Novemba

Miezi mitatu.

1 Desemba

Mvua ya kwanza. Juu ya bati ni kelele tupu, na ndani ya kelele ile sikusikia tone hata moja. Ilipokatika nilikwenda kwenye beseni. Kavu.

4 Desemba

Kilo sita na gramu mia moja. Jana pia. Juzi pia.

Kwa hiyo yamekwisha. Kilo mbili na gramu mia nane za bahari zimepita chumbani mwangu, nami nilizimwaga kila asubuhi kwenye mfereji wa nyuma bila kufikiri. Leo nimefikiri. Ni maji aliyokuwa nayo Harithi mara ya mwisho, na nimeyamwaga pamoja na ya kuoshea vyombo.

8 Desemba

Nimeazima msumeno kwa Kipriani. Hakuuliza; labda alijua. Nimeuteremsha ubao, nimeulaza juu ya kitanda, nimepima katikati na kuchora mstari kwa penseli. Juu, upande wa mgongo, ile nta yenye harufu ya nazi waliyokuwa wakiipaka ili mguu usiteleze bado ipo, chafu, yenye mchanga. Kuna sehemu mbili imebonyea, imebanwa ikang'aa. Moja nyuma, moja mbele. Niliweka mguu wangu wa kushoto kwenye ile ya mbele. Ni mdogo kuliko wake.

Mstari wangu wa penseli ulikuwa unapita katikati ya miguu yake miwili.

Nimeufuta. Msumeno nimeusukuma chini ya kitanda. Nimeupandisha ubao, na chini yake nimetandaza khanga nne nilizoziunganisha kwa pini, kutoka ukuta hadi ukuta, kama watu wanavyofanya kuzuia vumbi la paa. Sasa nina dari ya maua mekundu. Ukiingia huoni kitu.

11 Desemba

Asubuhi wamemfanyia Mama. Imechukua dakika ishirini. Amefungwa bandeji jicho la kulia, wataifungua kesho. Nimempandisha ngazi kwa mkono. Kwenye mzunguko wa pili nikamwinamisha kichwa.

"Hii ndiyo njia ya kwenda kwako?" alisema. "Ungeolewa na popo."

Aliingia akasimama mlangoni akinusa.

"Chumba chako kinanukia nazi."

"Mafuta ya nywele, Mama."

Nimemlaza chali kama walivyoagiza. Nilimpa uji, akanywa nusu, tukazungumza habari za kiroba chenye kitambaa chekundu. Nikamwambia daraja la kwanza. Alifurahi kama aliyeambiwa mtoto ameshika namba moja darasani. Saa saba ilifika. Bati lilianza kulia kwa joto. Nilijua kitu gani kinapanda juu ya khanga zile, lakini nilijua pia kwamba ni kikavu. Nimekipima siku tatu.

Sikufikiria kwamba kifua kikipanda hubana. Palikuwa na maji yamebaki mahali, kwenye kona ya povu ambayo mizani haikunieleza, na hewa ya moto iliyasukuma.

Niliona ua moja kwenye dari yangu likigeuka jeusi. Nilikuwa nimeshika kikombe. Sikuwa na muda hata wa kusema.

Lilimwangukia juu ya mdomo.

"Amna."

"Naam, Mama."

"Paa lako linavuja."

"Ni mvua ya jana, Mama. Imetuama. Ngoja nisogeze kitanda."

Alilamba mdomo. Jicho lake la kushoto, lile lenye ukungu, lilikuwa wazi likitazama juu.

"Mvua haina chumvi," alisema.

Ningeweza kusema kutu. Ningeweza kusema jasho. Neno "kutu" lilikuwa tayari mdomoni. Niliweka kikombe sakafuni, nikapiga magoti kando ya kitanda na kumwambia, pamoja na habari ya ubao ulio juu yake. Nilimwambia kwa Kimwera, kwa sababu Kiswahili ndicho nilichotumia kumdanganya. Nilikuwa ninamnyang'anya Mjomba kauli yake na nilijua ninafanya hivyo.

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Lini?"

"Agosti. Tarehe ishirini na saba."

"Nilikuwa nafagia chini ya mikorosho yake." Kisha: "Na zile salamu?"

"Ni zangu."

"Zote?"

"Zote, Mama."

"Hata ya kuku mweusi?"

"Hata hiyo."

Akacheka. Nisingeandika kama nisingesikia mwenyewe. Akacheka kicheko kifupi, cha puani, na kicheko kikaendelea kikawa kitu kingine, nami nikamshika kichwa kwa mikono miwili kwa sababu daktari alisema asitikisike.

Alipotulia alisema, "Mteremshe."

Nilibandua pini, khanga zikaanguka. Nilifungua kamba. Nilimlazia ubao pembeni yake kitandani, na yeye akaupapasa kama anavyopapasa majani chini ya mkorosho, kutoka kichwani kushuka, bila haraka. Vidole vilifika kwenye nta. Vilisimama kwenye ile sehemu ya kwanza, vikaenda kwenye ya pili, vikarudi.

"Alisimama hapa."

"Ndiyo."

"Alikuwa anasimama vizuri?"

"Yunusi anasema hapakuwa na mwingine."

Mkono wake ulining'inia kando ya kitanda ukagusa msumeno.

"Huu wa nini?"

Nikamwambia na hilo pia.

"Hakuna atakayemkata," alisema. "Wakate chuma."

12 Desemba

Wamefungua bandeji. Wamempa miwani myeusi. Njiani kutoka hospitali alisimama mara tatu kutazama vitu: mbuzi, bango la simu, uso wangu.

"Umekonda," alisema. "Kwenye simu unasikika mnene."

Baadaye, akiwa amekaa kwenye kitanda changu: "Salamu za mtu mwingine usiniletee tena. Niletee zako."

13 Desemba

Mjomba amekuja. Nilimpigia jana nikamwambia nimekwisha kusema. Nilitegemea anitukane. Nilisikia viatu vyake vikipanda chuma, vikafika mzunguko wa pili, vikakoma. Nilichungulia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi, analia bila kujifuta, mzee mzima mwenye mvi.

"Nilifika Nandagala mara tatu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Mara tatu, Amna. Namkuta chini ya mikorosho. Ananiambia kaa, ananipa maji. Nakunywa maji, narudi."

Nimekuwa nikimwandika humu kama mwoga, na sikosei. Lakini mimi pia nilikuwa nanywa maji na kurudi, kila jioni aliponipigia.

Mama alimsikia kutoka ndani.

"Bashiri! Panda. Umenilisha meli miezi mitatu, leo unaogopa ngazi?"

Alipanda.

14 Desemba

Nataka kuandika ya leo kwa utaratibu yalivyotokea, kwa sababu sidhani kama nitaamini baadaye.

Kipriani alikuja saa mbili na mashine yake ya kukatia, akaondoa nondo zote kwa nusu saa. Mwenye nyumba hajaambiwa. Dafrosa alipanda na futikamba. Alishasikia, kuta zetu ni nyembamba. Alimwambia Mama, "Ubao ukishushwa hivi utakwaruzika na ukuta. Nina pamba nyeupe chini." Alishona mfuko ndani ya saa moja, futi saba na nusu, akauvalisha mwenyewe, akaufunga mdomo kwa vishikizo. Mama akatandika khanga yake juu na kuifunga kwa vipande vya kitambaa. Hapakuwa na nia nyingine. Ilikuwa ni mikwaruzo.

Gari dogo la mizigo la kutupeleka Nandagala halikuweza kufika mlangoni. Malori ya korosho yalikuwa yamepanga foleni kutoka ghalani hadi kwetu, na gari likasimama upande wa pili wa stendi. Kwa hiyo ubao ulishushwa kwa kamba zilezile, na chini Mjomba na vijana wawili wa Kipriani waliupokea mabegani. Mimi na Mama tukashuka kwa ngazi.

Tulipotokea barabarani ulikuwa umekwenda hatua kama kumi, na wapakiaji wa magunia walikuwa wamesimama.

Yeyote aliyekulia hapa anajua kitakachofuata. Jeneza likipita, mwanaume hakai. Haulizi ni la nani. Anasogea, anaingiza bega, anatembea hatua saba nane, anampisha wa nyuma yake. Waliona kitu kirefu cheupe kimefunikwa khanga, kimeshuka kutoka kwenye nyumba ya watu, mzee analia mbele yake. Wa kwanza alitupa sigara akaingia. Wa pili akaingia. Nikasikia mtu akisema inna lillahi, na sauti ikashikwa na nyingine, na watu wakaanza kutoka madukani. Waliokaa vibarazani wakasimama. Magari yakazima injini.

Mjomba aligeuka akanitazama, mdomo wazi. Angetaka niseme kitu. Kipriani naye alinitazama. Nilikuwa ninaweza kuita, jamani, ni ubao tu. Nilimtazama Mama. Alikuwa amevua miwani myeusi. Jicho lake jipya, jekundu, lilikuwa linawaona wote, uso mmoja mmoja.

Hakusema kitu. Nami sikusema.

Tulifika kona ya stendi tukasimama kwa mazoea, maana wanawake kwetu hawaendi makaburini. Ndipo tukakumbuka kwamba gari ni letu. Tukafuata nyuma.

Dereva mmoja wa lori aliteremka, mtu mkubwa mwenye rozari shingoni. Wenzake walimwita Saturnini. Alivua kofia, akaingiza bega karibu na mwisho, na nikaona anashtuka, kama mtu aliyetegemea ngazi moja zaidi. Alitembea zamu yake yote. Alipompisha mwenzake akatukuta sisi nyuma, akashusha sauti.

"Pole, mama. Mwepesi sana. Ni mtoto?"

"Ndiyo, baba," alisema Mama. "Ni mtoto."

"Mungu amlaze mahali pema."

"Amina."

Mjomba hakumpisha mtu. Alibeba pembe ya mbele kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye gari, na walipoulaza alibaki ameinama na bega lake palepale, kana kwamba bado upo juu yake.

18 Desemba, Nandagala

Tanga limekwisha. Mjomba aliutamka msiba mwenyewe mbele ya watu, jina kamili na tarehe. Sheikh aliongoza swala ya asiyekuwepo.

Ubao umelazwa juu ya boriti za chumba chake, tunapoweka mbegu. Umeenea bila kukata chochote. Kuku mweusi amekwisha kupanda kuukagua.

30 Desemba, Nachingwea

Ghala limefungwa. Kipriani amerudisha nondo. Alama za kamba bado ziko kwenye mbao za paa, na kitanda nimekirudisha palipokuwa.

Beseni nimelisugua na kumpelekea Dafrosa.

Jioni nimempigia Mama. Alipokea, akangoja, kama alivyokuwa akingoja siku zote. Nilikuwa sijui niseme nini kwa sauti yangu mwenyewe.

"Amna anakusalimia," nilisema.

Kuku alisikika, na mtu akitwanga mbali.

"Mwambie nimepokea," alisema Mama.